Nafasi Kumi na Mbili za Euphrasia

Euphrasia Nkwabi alipomwambia baba yake kwamba anataka kusomea kompyuta, mzee hakukasirika. Aliuliza ada ni kiasi gani. Alipotajiwa laki nane na nusu kwa mwaka, aliigeuza fedha hiyo kichwani kuwa ng'ombe, kama wazee wengi wa Kishapu wanavyofanya kwa kila fedha kubwa inayotajwa mbele yao. Ada peke yake ilikuwa ng'ombe wawili wazuri. Chumba na chakula mjini Shinyanga vilidai wengine wawili.

"Ng'wanawane, mwanangu," alisema mwishowe, "ng'ombe anazaa. Cheti kinazaa nini?"

Euphrasia alikuwa na miaka ishirini na mbili, na matokeo ya kidato cha nne yasiyo ya kujivunia isipokuwa C ya hisabati. Aliwajua vijana wawili wa kijiji chao waliokuwa na vyeti vya vyuo na bado walichunga ng'ombe wa watu. Baba yake aliwajua pia. Tena alikuwa na watoto wa kiume wanne ambao mahari zao zilikuwa bado zinatembea zizini kwa miguu yao. Ni rahisi kumlaumu mzee wa namna hiyo ukiwa umekaa mjini, lakini alipima kwa mizani aliyokuwa nayo, na mizani yake haikuwa ya uongo.

Binti akafunga nguo zake akaenda machimboni, upande wa Ushirombo, kwenye machimbo madogo ambayo wenyewe wanayaita Namba Sita. Huko alipokelewa na Zipora, Mama Enock, mjane aliyepikia wachimbaji chini ya turubai la bluu. Asubuhi na mchana walipika ugali na maharage. Jioni Zipora alikwenda kuokota mawe yaliyotupwa pembeni mwa maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, akayasagisha kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, na kuuhifadhi mchanga wake kwenye mifuko. Euphrasia alikaa naye miaka miwili. Hakuiba, hakulewa, hakukopesha chakula kwa kucheka na wanaume. Kwa hayo matatu alipata heshima ambayo machimboni haigawiwi ovyo.

Alipata heshima nyingine karashani. Mifuko ya mawe iliandikwa kwenye daftari moja, na daftari hilo lilikuwa likilowa tope, likichanika, likigombewa. Siku moja wachimbaji wawili walishikana mashati kwa ajili ya mifuko mitatu. Euphrasia aliyekuwa amepeleka chakula alitaja kwa kichwa mifuko ya kila mmoja tangu Jumatatu, na aliyeileta, na ilikuwa imefungwa kwa kamba ya rangi gani. Wakahesabu, ikawa hivyo hivyo. Mzee Marselino, mwenye duara kubwa kuliko yote pale, alimwuliza ana nini kichwani.

"C ya hisabati, baba," alijibu, na watu wakacheka.

Jioni hiyo akamweleza yote, na lile swali la ng'ombe pia. Kwa siku tatu Marselino alilifikiria jambo hilo kwa njia aliyoizoea, na siku ya nne akaja turubaini na pendekezo ambalo lisingeweza kuzaliwa mahali pengine popote. Alisema masomo ya Euphrasia yahudumiwe kama duara.

Utaratibu wa duara kila mtu aliujua. Shimo linapochimbwa, watu kadhaa wanalihudumia kwa chakula, magogo na pampu ya maji, na kila anayehudumia anapata nafasi. Mawe yakitoka, mgao unakwenda kwa nafasi. Yasipotoka, kila mtu anakung'uta nguo zake anaondoka, hakuna anayemdai mwenzake. Basi watafutwe watu kumi na wawili, kila mmoja atoe laki moja na nusu kwa awamu tatu. Binti asome mwaka wake. Akipata kazi, robo ya mshahara wake kwa miaka mitatu igawiwe kwa nafasi kumi na mbili. Akikosa, basi, mwamba ulikuwa mtupu.

Zipora hakupenda. Alikuwa akikoroga uji, na hakuacha kukoroga.

"Mtu si mwamba, Baba Aneth," alimwambia Marselino.

"Mama Enock, mimi nimezika hela kwenye mashimo kumi na moja, na saba yalinipa maji. Huyu angalau anatembea kwa miguu yake."

Watu walicheka, na kicheko kikafanya kazi ambayo hoja haikuifanya. Kufikia Jumapili nafasi zote zilikuwa na wenyewe. Marselino alichukua moja. Zipora naye, pamoja na yote aliyosema, alichukua moja, akisema kwamba kama binti ataingizwa shimoni ni afadhali awepo mtu wa kushika kamba. Fredy, mchimbaji kijana mwenye maneno mengi, alichukua moja kwa fedha ya siku moja nzuri. Katibu wa machimbo akayaandika makubaliano kama alivyoandika ya maduara mengine yote, kwa maneno yale yale: mgao atapewa anayeshika nafasi. Hakuandika majina ya wenye nafasi, kwa kuwa kwenye duara hayaandikwi. Nafasi ya duara inauzwa kama kuku, na mwenye kuuza haombi ruhusa kwa mtu. Wote waliweka dole gumba, na Euphrasia aliweka lake na sahihi pia. Hakuna hata mmoja aliyeona kasoro.

Chuoni Shinyanga walikuwa wanafunzi arobaini na kompyuta kumi na nne zinazowaka. Euphrasia alichora vitufe vyote kwenye kipande cha boksi la sabuni, akajifunza kuandika juu ya boksi hilo chumbani kwake, ili zamu yake ikifika asipoteze dakika akitafuta herufi. Alijifunza kupanga taarifa kwenye majedwali yanayozungumza yenyewe kwa yenyewe, na hapo ndipo alipolikumbuka daftari la karashani na kuona kwa mara ya kwanza alichokuwa akikitafuta. Wachimbaji walimpigia simu mara kwa mara, kwa utani wa kwao.

"Duara letu linaamkaje?" Fredy aliuliza.

"Linaamka salama."

"Halijaingia maji?"

Alipougua malaria wakachanga dawa, wakisema pampu imeletwa. Alicheka nao, na alikuwa na haki ya kucheka, maana walimtendea wema. Lakini utani ukirudiwa mwaka mzima huacha alama, na ilifika siku alijikuta akijieleza kwa rafiki yake wa chumbani kwamba yeye ana watu kumi na wawili ndani yake. Rafiki yake alidhani anazungumzia mapepo.

Cheti alikipata, tena kizuri. Kazi ya maana hakupata. Kwa miezi minane alikaa kwenye duka la kuchapa na kujaza fomu za mtandaoni pale Ushirombo, kwa mshahara wa elfu themanini. Robo yake ilikuwa elfu ishirini, na kwa kila nafasi haikufika elfu mbili. Aliituma hivyo hivyo kila mwezi kwa simu. Namba Sita wakasema mawe yametoka lakini hayana kitu. Huo ndio wakati ambao watu hupima cheti na kukihukumu, na huwezi kuwashangaa. Mpishi wa turubaini alikuwa akipata zaidi ya mwenye cheti wa dukani. Euphrasia mwenyewe alifanya hesabu hiyo, zaidi ya mara moja, na ilimuuma.

Fredy aliuza nafasi yake kwa jozi ya mabuti ya mpira. Wengine sita wakafuata, mmoja kwa kreti ya bia, mwingine kwa simu iliyopasuka kioo. Mnunuzi alikuwa mmoja, mfanyabiashara aliyeitwa Adam. Alianzia kwenye almasi kule Maganzo kabla ya kuhamia dhahabu, na watu walisema anajua kunusa jiwe kabla halijatoka ardhini. Safari hii alikuwa amenusa kweli. Alisikia kwamba mtambo mmoja wa kuchenjua marudio, upande wa Geita, unatafuta mtu wa kompyuta.

Marudio ni ule mchanga unaobaki baada ya mawe kusagwa na kuoshwa mara ya kwanza. Ndani yake bado kuna dhahabu, na mtambo huitoa kwa dawa ndani ya matenki makubwa. Mchanga wa mtu mdogo haujazi tenki, kwa hiyo watu watano au sita huchanganya mchanga wao. Kabla haujachanganywa, kila mmoja anapimiwa uzito na sampuli, na vipimo hivyo ndivyo vinavyogawa dhahabu inayotoka. Mwenye mtambo alikuwa amechoka na ugomvi wa madaftari. Euphrasia alipoomba kazi hiyo, alimwita kwa usaili, akamwuliza angefanya nini. Euphrasia akamwonyesha jedwali ambalo alikuwa amelitengeneza mwenyewe kwa ajili ya karasha la Namba Sita na halikuwahi kutumika. Akaajiriwa siku hiyo kwa laki nne na ishirini. Wenye cheti kama chake walikuwa wengi. Walioijua kero ile kwa macho yao hawakuwa wengi.

Nafasi moja sasa ikalipa karibu elfu tisa kwa mwezi. Fredy alivua mabuti yake akayatazama.

Mwezi wa tano wa Euphrasia mtamboni, Adam alileta mchanga. Ulipangwa tenki la tatu, pamoja na wa watu wengine wanne, na mmoja wa hao wanne alikuwa Zipora, na mifuko yake ya miaka mitatu ya kuokota. Kipimo cha mchanga wa Adam kilikuja kutoka maabara kikiwa gramu mbili na nusu kwa tani. Alimfuata Euphrasia dirishani mchana, watu walipokwenda kula. Hakuja kwa ukali. Aliongea kama mtu anayemsaidia mwenzake.

Alimwambia kwamba ana nafasi saba kwake, na imebaki karibu miaka miwili. Alikuwa tayari kuzifuta zote leo, na mbele ya shahidi akitaka. Yeye Euphrasia aandike tatu na nusu badala ya mbili na nusu, basi. Kisha akaongeza jambo la pili.

"Duara lenye wenye nafasi kumi na mbili, anayeshika saba ndiye anayesema lichimbwe upande gani. Hiyo ni sheria yenu, sikuileta mimi kutoka Maganzo."

Hapa inafaa mtu ajiweke kwenye kiti kile kabla ya kuhukumu. Nafasi saba zilikuwa zaidi ya elfu sitini kila mwezi, kodi ya chumba chake na nauli za kwenda kwao. Kosa lenyewe lilikuwa tarakimu moja. Hakuna ambaye angeona, kwani aliyejua kuona alikuwa yeye. Na tenki likishachanganywa hakuna awezaye kuuliza mchanga ulikuwa wa nani. Zipora angepata pungufu kidogo, angesema Mungu ndiye mgawaji, angerudi kuokota.

Euphrasia aliandika mbili na nusu. Akamtajia Adam tarakimu hiyo, na Adam akaondoka.

Wiki mbili baadaye Adam aliitisha kikao Namba Sita. Kama mwenye nafasi saba alitaka duara lihamishwe. Alikuwa na kazi kwa ajili ya Euphrasia kwenye duka lake la kununulia dhahabu huko Geita, kwa mshahara wa laki tano, na robo ya laki tano ni kubwa kuliko robo ya laki nne na ishirini. Kila mwenye nafasi angefaidika. Alilieleza jambo hilo vizuri sana, na hata wasiokuwa na nafasi tena walitikisa vichwa kwamba ni kweli.

Marselino alimgeukia Euphrasia. Alikuwa amezeeka, na aibu ilikuwa imeanza kumwingia kwa kile alichokianzisha.

"Mwanangu, unasemaje?"

Euphrasia alisimama karibu na Zipora. Angeweza kusema tu kwamba hataki kuhama. Lakini angesema hivyo, wangemwuliza kwa nini anakataa laki tano, na jibu lilikuwa moja. Kulisema kulikuwa na hatari kwake pia, maana mwenye mtambo akisikia kwamba karani wake huombwa kugeuza vipimo, anaweza kujiuliza ni wangapi walikubaliwa. Alilisema. Alitaja siku, tenki, kipimo kilichoandikwa na kipimo kilichotakiwa, na mifuko ambamo dhahabu hiyo ingetoka. Zipora alikaa chini pale pale mavumbini.

"Mama Enock," Euphrasia alisema, "sikukwambia kwa sababu haikutokea." Kisha akamtazama Adam. "Mimi niliuza fungu la mshahara. Mkono sikuuza."

Adam alisema ulikuwa utani. Hakuna aliyecheka, na mahali ambapo hata mauti hutaniwa, hilo lilikuwa hukumu tosha.

Ndipo Marselino aliponyanyuka na sheria nyingine ya duara, iliyo ya zamani kuliko ile ya wengi kuamua. Anayetia mkono kwenye mfuko wa mwenzake wa duara moja, nafasi yake inafutwa. Zipora ni mwenye nafasi. Adam ni mwenye nafasi. Basi zile saba zifutwe, zirudi kwa wenyewe wa kwanza. Fredy na wenzake sita wakapiga makofi kabla mzee hajamaliza. Walikuwa wameuza kwa bia na mabuti, na sasa walipenda haki kwa moyo wote.

Euphrasia akawakatalia. Jambo hili watu wa Namba Sita walilijadili kwa muda mrefu, na wengine hadi leo wanalihesabu kuwa ujinga. Alisema Adam aliomba kuiba, hakuiba, kwa sababu mwenye kalamu hakukubali. Nafasi alizinunua kwa hiari ya wauzaji na kwa maneno ya karatasi ambayo wote waliyawekea dole. Kama karatasi ni mbaya, ubaya wake ni wao wote waliomwandika mtu kama shimo, na yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Atamlipa Adam mpaka mwezi wa mwisho, na zaidi ya fedha hizo Adam hana la kumwamulia.

"Unamlipa mwizi," Fredy alisema.

"Namlipa aliyekununulia mabuti," alijibu.

Kesho yake alikwenda kwa mwenye mtambo akamweleza yote, kabla hajayasikia njiani. Alitoa na dawa ya tatizo hilo. Kioo cha kompyuta yake, ambacho siku zote kilimtazama yeye, alikigeuza kikatazama dirishani, na kila mteja akawa anapewa karatasi ya maabara mkononi, analinganisha kwa macho yake tarakimu inavyoingizwa. Asiyejua kusoma aliruhusiwa kuja na anayejua. Mwenye mtambo alimkagua miezi miwili, akirudia vipimo kwa siri katika maabara nyingine. Euphrasia alijua anakaguliwa. Ilimuuma, lakini hakulalamika. Mtu akipewa kalamu inayogawa riziki za watu anapaswa kukubali kuchunguzwa.

Adam alipeleka mchanga wake kwingine. Kila tarehe moja simu yake ilimletea ujumbe kwamba amepokea fedha kutoka kwa Euphrasia Nkwabi. Hakuwahi kujibu. Mara moja tu alituma maneno mawili, "Imefika dada," na haikujulikana alitaka kusema nini zaidi.

Miaka mitatu iliisha mwaka jana. Waliobaki na nafasi zao walipata zaidi ya laki mbili na nusu kwa laki na nusu waliyotoa. Euphrasia alimpigia baba yake, naye mzee aliuliza cheti kimezaa nini, kama alivyouliza mwanzo, safari hii akitaka hesabu kamili. Binti hakumdanganya. Alikuwa na chumba cha kupanga, kompyuta moja ya mtumba, na kazi. Hakuwa na akiba ya kununua hata ndama.

"Hata ndama," mzee alirudia.

"Hata ndama, baba."

Mzee akasema kwamba ukame wa mwaka huo umemchukulia ng'ombe wanne, wale wale aliomnyima. Hakusema alikosea. Alisema tu kwamba hajui tena namna ya kuhesabu, na akamwomba atume fedha za pumba za waliosalia. Euphrasia alituma siku hiyo hiyo, na kwa mara ya kwanza ilikuwa fedha isiyopunguzwa robo.

Jumapili iliyofuata alikwenda Namba Sita. Marselino alilifungua daftari la makubaliano, akaandika chini ya ukurasa neno ambalo huandikwa shimo linapofungwa ili mifugo isitumbukie: limefukiwa. Alikuwa akilifunga daftari Zipora alipomsogeza mbele binti yake Lusia, mdogo wake Enock, aliyemaliza kidato cha nne na kutaka kusomea hayo hayo. Zipora aliuliza kwa sauti ya chini kama duara jingine linaweza kufunguliwa.

Euphrasia alisema duara hapana. Alimwuliza Lusia kwanza anataka kukitumia cheti hicho kwa kazi gani, na msichana alipojibu kwamba hajui, akamwambia akae karashani miezi mitatu aangalie watu wanagombania nini, kisha arudi na jibu. Akirudi nalo, yeye Euphrasia atatoa fungu la kwanza, na wanaotaka kusaidia watasaidia, na Lusia atarudisha kile walichotoa, bila nyongeza, akipata kazi. Marselino akasema hilo nalo linahitaji kuandikwa. Akafungua ukurasa mpya, akampa Euphrasia kalamu.

Aliandika jina la Lusia. Akaandika majina ya waliosimama pale, moja moja, kwa ukamilifu, la baba na la babu. Chini yake aliandika mstari mmoja kwa herufi kubwa, akausoma kwa sauti ili na wasiojua kusoma wausikie: HAKUNA NAFASI INAYOUZWA HAPA.